Ndoto mbaya: chanzo ni swali moja, maana ni swali jingine

Kitindamimba (mleta uzi)

Habari za usiku wanajukwaa.

Mwaka 2014 kaka yangu ninayemfuata kuzaliwa alianza kulishwa nyama usingizini. Nasema "kulishwa" kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, na kwetu Muheza neno hilo likitamkwa asubuhi watu wazima huweka vikombe chini wakatazamana. Usiku mara nne tano kwa wiki shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alimjia na sahani ya bati yenye maua mekundu, juu yake mapande ya nyama. Anamshika kidevu, anamsukumia tonge. Kaka anakaza meno, nyama inapita hivyo hivyo. Anagutuka anatweta, fulana imelowa chapachapa, ladha ya nyama ipo mdomoni. Alikuwa akitoka nje kutema mate mpaka kukapambazuka.

Akapelekwa kwa mganga. Mganga hakuuliza mengi: akasema ni mwanamke, ni wa upande wa baba, ana kinyongo. Upande wa baba alikuwa amebaki mwanamke mmoja tu. Tangu siku hiyo shangazi akawa mchawi wa nyumba yetu. Hakuna aliyemwambia usoni. Aliona tu watoto wanavutwa mkono akipita, na chakula alichotuletea kinarudi na sahani yake kama kilivyokuja.

Tusilolijua, na kaka alikuwa amelificha, ni kwamba wiki tatu kabla ya ndoto ya kwanza alikuwa ameanza ARV. Alipewa kidonge kimoja cha mchanganyiko cha kumeza usiku kabla ya kulala. Ndoto zilipozidi, akaona vidonge ndivyo vinavyomfungulia mlango mchawi, akaviacha kimyakimya. Mwezi wa saba tulimbeba mgongoni kumpeleka hospitali, ana kifua kikuu na kilo 41.

Wodini muuguzi mmoja wa makamo alimuuliza swali ambalo mganga, imamu, mama na mimi hatukuwahi kumuuliza: "Ulikuwa unameza dawa gani, saa ngapi, na ukishakula nini?"

Dawa ile ndani yake ilikuwa na efavirenzi. Efavirenzi inajulikana kwa jambo hili: kizunguzungu na ndoto kali za wazi kabisa, hasa wiki mbili hadi nne za mwanzo. Ndiyo maana watu huambiwa wameze wakati wa kulala na tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula chenye mafuta mengi huifanya iingie kwa wingi zaidi kwenye damu. Kaka alikuwa anakula chipsi mayai saa tatu usiku, anameza, analala. Isitoshe, wapo watu ambao maini yao huivunja dawa hiyo polepole kwa maumbile ya kurithi, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwetu Waafrika kuliko kwa Wazungu. Labda yeye ni mmoja wao.

Nimefungua uzi huu kwa sababu moja. Tukiota vibaya tunakimbilia kuuliza maana, hasa ile maana ya "nani?", kabla ya kuuliza chanzo. Chanzo ni kile kilichoufanya ubongo upike kitisho usiku huo. Maana ni kwa nini kitisho kilivaa sura ile na si nyingine. Mganga wetu alijibu la pili kabla ya la kwanza, akalijibu vibaya, na mtu wetu nusura afe.

---

Kitindamimba

Naendelea, maana kuna watu wameshaniandikia pembeni wakiuliza ndoto zinatokea vipi.

Usingizi haulingani usiku kucha. Unakwenda kwa mizunguko ya dakika kama 90. Ukilala saa nne, mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito, ule wa kubebwa ukahamishiwa chumba kingine usijue. Mwisho wa kila mzunguko huja usingizi wa ndoto, ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Waliouandika kitaalamu mara ya kwanza ni Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1953. Mwanzoni mwa usiku huwa ni wa dakika chache. Kadiri alfajiri inavyokaribia unarefuka, mpaka nusu saa au zaidi. Wakati huo sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu inafanya kazi kwa nguvu, na ile ya nyuma ya paji la uso, inayopima kama jambo linaingia akilini, imepoa. Mwili nao unafungwa: misuli ya mikono na miguu hulegezwa usije ukainuka ukapigana kweli.

Kwa hiyo ndoto mbaya nyingi huangukia kati ya saa tisa na kumi na moja alfajiri. Saa tisa ndiyo saa tuliyoambiwa tangu utoto kwamba wachawi wanatembea. Mimi naona wazee walihesabu sawasawa, walichokosea ni jina la mgeni.

Nini huzifanya ziwe mbaya? Msongo wa mawazo ndio wa kwanza: madeni, ndoa, mtihani, msiba. Halafu kukosa usingizi, kwa sababu ubongo ulionyimwa usingizi wa ndoto huja kuudai wote kwa mpigo. Pombe hufanya jambo lile lile ndani ya usiku mmoja: huubana usingizi wa ndoto mwanzoni, ikiisha damuni unafumuka kwa nguvu karibu na asubuhi. Anayeacha pombe au bangi ghafla naye huota vibaya kwa muda. Homa kali huleta maruweruwe, kila aliyewahi kuugua malaria anajua. Na dawa, ambazo watu wengi hawazifikirii kabisa: baadhi ya za presha kama propranololi, baadhi ya za sonona, na meflokwini ya kukinga malaria, ambayo mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa sababu ya madhara kwenye akili na mishipa ya fahamu.

Ukianza dawa mpya na ndoto zikabadilika ndani ya wiki chache, rudi kwa aliyekupa. USIACHE MWENYEWE. Dawa hubadilishwa. Tangu 2019 efavirenzi imepishwa na dolutegraviri kama chaguo la kwanza, watu wa CTC, yaani kliniki za ARV, mnaijua ndani ya kidonge cha mchanganyiko kiitwacho TLD. Hiyo nayo huwasumbua wengine usingizi, na mara nyingi kuhamishia asubuhi kunatosha.

---

Mama Pacha

Pole sana kwa kaka, na ahsante. Mimi nina mtoto wa miaka mitano. Analala saa mbili, saa nne kamili anainuka anapiga ukelele wa kukatisha roho, macho wazi, jasho. Nikimshika ananisukuma kama hanijui. Asubuhi nikimuuliza anashangaa. Mama mkwe anasema anaona kitu, tumvalishe hirizi. Pacha mwenzake hana tatizo hili. Nimekonda mimi.

---

Kitindamimba

Pole dada. Tazama saa uliyoiandika mwenyewe: kalala saa mbili, kapiga kelele saa nne. Ule ni usingizi mzito wa mwanzo, si wa ndoto. Anayeota ndoto mbaya huamka, hukutambua, hukukumbatia, hukusimulia. Mtoto wako hajaamka. Nusu ya ubongo imechomoka usingizini, nusu imebaki ndani. Ndiyo maana hakujui na hakumbuki. Anayeteseka usiku ule ni wewe unayetazama.

Usimtingishe wala kumpigia kelele aamke. Kaa karibu, ondoa kinachoweza kumuumiza, sema naye taratibu mpaka atulie. Mara nyingi ni dakika chache. Huwajia zaidi wakichoka kupita kiasi, wakiwa na homa, au kibofu kimejaa, kwa hiyo mlaze mapema kidogo na apitie chooni. Kama inatokea saa ile ile kila siku, kuna njia ya kumgusa kidogo tu akageuka, dakika 15 hadi 30 kabla ya saa yake, kwa wiki kadhaa. Wengi huacha wakikua. Ila ukiona mwili unakakamaa, anarusharusha viungo kwa mapigo, anauma ulimi, au inamjia mara nyingi kwa usiku mmoja, huo ni wasiwasi wa kifafa, mpeleke hospitali. Na ukiweza mchukue video kwenye simu, daktari ataelewa haraka kuliko maelezo.

---

Mtu wa Wete

Assalaam alaykum. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na miwili, Pemba. Walioishi wakati ule hawahitaji kuambiwa popobawa ni nini, lile zimwi la kuvamia watu usiku. Tulilala nje ukumbini, wanaume wamekoka moto, hakuna anayetaka kuwa peke yake chumbani. Ami yangu, mvuvi, mtu asiyejua uongo, alisema kilimkalia kifuani, anakiona, anataka kupiga kelele sauti haitoki. Likavuka mpaka Unguja, na huko umati ukamuua mtu kwa kudhani ndiye. Nauliza kwa heshima: ami yangu alidanganya?

---

Kitindamimba

Waalaykum salaam kaka yangu. Hakudanganya hata neno moja. Aliyaona na kuyasikia yote.

Nilisema mwili hufungwa wakati wa ndoto. Mara nyingine akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa. Macho yako wazi, chumba unakiona, lakini mkono hauinuki, na ndoto haijaisha, inaendelea kuchezwa juu ya chumba halisi. Kifua unakisikia kizito kwa sababu pumzi bado inaendeshwa kiusingizi, nawe unataka kuvuta kwa nguvu zako haiitiki. Akili iliyojaa hofu inatafuta ni nani aliyekalia kifua, na inampata. Huyo ndiye jinamizi wa Kiswahili cha zamani, bara tunasema "nilikabwa". Mwaka 2011 zilikusanywa tafiti za nchi mbalimbali pamoja, ikaonekana karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi zaidi ya robo.

Jinamizi humkaba zaidi anayelala chali, aliyekosa usingizi, aliyebadilisha saa za kulala. Sasa fikiria kisiwa kizima kinakesha kwa hofu, watu wanasinzia kwa zamu penye moto, wanagutuka kwa kila kishindo. Siwezi kusema hilo linaeleza kila lililotokea Pemba, kulikuwa na mambo mengi mwaka ule. Ila najua usiku wa namna hiyo ni shamba lenye rutuba kwa jinamizi.

Likikukaba usipambane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu au ulimi, mara nyingi ukitikisika tu kufuli linafunguka. Baadaye lala ubavu.

Na huyo aliyeuawa Unguja ndiye ninayemfikiria kila ninapomkumbuka shangazi yangu.

---

Mwana wa Madrasa

Mleta mada, umesema vizuri lakini naona unaelekea kufuta kila kitu. Nabii Yusuf alifasiri ndoto na Misri ikaokoka na njaa. Unataka kusema ndoto ni ubongo tu, hazina maana?

---

Kitindamimba

Hapana, ndugu yangu, wala sitaki kueleweka hivyo. Mimi pia nimekaa mbele ya ustadhi. Tulifundishwa ndoto ni tatu: njema itokayo kwa Mola, ya kutisha itokayo kwa Shetani, na mazungumzo ya nafsi yenyewe, mtu kuota yaliyomshughulisha mchana. Hilo fungu la tatu tunalisoma kisha tunalisahau. Ndugu zetu Wakristo nao wanalo: Mhubiri anasema ndoto huja kwa shughuli nyingi, na Ayubu akiwa na vidonda mwili mzima analalamika kwamba hata kitandani ndoto zinamtisha. Mgonjwa, maumivu, ndoto mbaya, viko pamoja tangu zamani zile.

Na tulifundishwa la kufanya: jikinge kwa Mola, tema kidogo kushotoni mara tatu, geukia ubavu mwingine, usiitangaze, na ukiweza inuka uswali. Mimi nikiyatazama kwa macho ya leo naona mtu anaamshwa kabisa, anabadilishwa mlalo, anapewa kitu cha kufanya badala ya kulala gizani akiitafuna. Na ile ya kutoitangaza ingemwokoa shangazi.

Ninachokikataa ni orodha za mtaani. Ukiota harusi ni msiba, ukiota msiba ni harusi, nyoka ni adui, samaki ni mimba, meno kung'oka ni kifo cha ndugu. Jibu moja kwa watu wote linamfahamu vipi mtu mmoja? Hayo meno, mwaka 2018 watafiti wawili wa Israel waliwauliza watu kuhusu ndoto hizo pamoja na hali ya vinywa vyao, wakakuta zinakwenda na mkazo na maumivu ya meno na ufizi wakati wa kuamka, kuliko na huzuni za moyoni. Pengine mwotaji alikuwa anasaga meno tu usiku.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwaka 1925 Carl Jung, yule daktari wa Uswisi aliyeshughulika na ndoto maisha yake yote, alisafiri Kenya na Uganda, akakaa kwa watu wa Mlima Elgon. Walimweleza kuwa wao hutenga ndoto ndogo za kila mtu na ndoto kubwa zinazohusu watu wote. Akamuuliza laiboni mzee, yaani mganga na mtabiri wao, kuhusu ndoto zake. Mzee machozi yakamlengalenga. Akasema zamani malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itanyesha, ng'ombe wapelekwe wapi. Tangu Wazungu wafike hakuna tena anayeota. Hakuna haja, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua kila kitu.

Mzee yule hakuwa na kasoro usingizini. Alinyang'anywa kazi, na ndoto yake ilikuwa sehemu ya kazi ile. Ukitaka maana ya ndoto, itafute hapo, katika maisha ya aliyeiota.

---

Dereva Mstaafu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Niliendesha mabasi ya mikoani miaka kumi na tisa. Mwaka wa mwisho tuligongana uso kwa uso na lori usiku, wakafa abiria wanne. Mimi nilivunjika nyonga. Miaka sita sasa naota lile lile: taa mbili zinakuja, nakanyaga breki, mguu unazama kama kwenye tope. Nagutuka hapo hapo, sijawahi kuota mgongano wenyewe. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Sina dawa yoyote ninayomeza na sinywi. Nifanyeje?

---

Kitindamimba

Shikamoo mzee wangu. Pole, na ahsante kwa kuamini kuandika hapa.

Hiyo haihitaji mfasiri. Ndoto ya kawaida huchanganya mambo, ya jeraha hurudia picha ile ile kama mkanda uliokwama. Ni alama inayojulikana sana ya mtu aliyepatwa na tukio la kutisha. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyesema kila ndoto ni matamanio yaliyojificha, alikwama kwa ndoto hizi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akalazimika kukiri hazikai kwenye nadharia yake.

Ipo njia, haina gharama. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Barry Krakow, na wenzake walichapisha matokeo yao kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono wenye ndoto mbaya sugu. Waliofundishwa njia hii ndoto zilipungua na usingizi ukatengenea. Inafanywa MCHANA. Unakaa mahali tulivu, unaandika ndoto kwa kalamu. Kisha unaibadilisha mwenyewe unavyotaka, popote unapotaka, si lazima mwisho. Halafu unafunga macho na kuitazama hiyo mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Ile ya zamani huirudii tena. Ubongo unajifunza njia nyingine kama dereva anavyojifunza barabara ya mchepuko.

Mzee, ungeibadilisha wapi?

Na kama mchana pia unashtuka ovyo, unakwepa barabara, hasira hazizuiliki, usibaki na kalamu peke yako. Hospitali za rufaa zina kitengo cha afya ya akili. Nasema na kwa wengine wanaosoma: ndoto mbaya za kila mara zimeonekana kwenda pamoja na mawazo ya kujiua. Ukifika huko, mwambie mtu leo, usingoje kesho.

---

Niko Kigali

Nathibitisha ya mzee. Huku kuna neno la Kinyarwanda, ihahamuka, pumzi kukatika kwa hofu iliyorudi. Kila Aprili kumbukumbu ikianza, kuna walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994 wanaokabwa usiku na kuona tena waliowaona. Mama yangu mdogo hulala na taa mwezi mzima. Hatumuulizi chochote, tunalala naye tu chumba kimoja.

---

Binti Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Baba yangu ana miaka 63. Mwaka huu ameanza kupigana usingizini, anatukana, anarusha teke. Juzi kampiga mama ngumi ya jicho, akiamka anasema alikuwa anafukuza mwizi. Ni mtu mpole. Watu wanasema ana jini.

---

Kitindamimba

Dada, hili lisingoje. Lile kufuli la misuli kwa baba halifungi tena, kwa hiyo anachokiota anakitenda. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, na mara nyingi hutangulia ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwa miaka kadhaa. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mumweleze hivi hivi ulivyoandika, na mumtajie dawa zote anazomeza kwa sababu baadhi za sonona huleta hali hii. Kwa sasa mama alale kitanda kingine, ondoeni meza na taa ya kioo karibu, wekeni godoro chini.

---

Dereva Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Nimekaa wiki tano ndipo nirudi. Siku ya kwanza nilishindwa kuandika, mkono ulitetemeka, mke wangu akaniandikia nikimsomea. Alipofika "mguu unazama" akauliza: kwa nini usimame? Nikaona kweli, si lazima nikanyage breki. Basi tukaandika hivi: taa zinakuja, napunguza gia, natoka barabarani kulia, kuna uwanja wa shule, basi linasimama chini ya mwembe. Abiria wanashuka wananunua machungwa. Nikawa nalitazama kila baada ya alasiri, hata maganda ya machungwa nayaona.

Zile taa bado zinakuja. Lakini wiki hii mara mbili tu, na usiku wa Ijumaa nilifika uwanjani. Abiria wanne wale nao walishuka. Nililia nikiwa usingizini, mke wangu akanisikia. Amerudi chumbani.

---

Mama Pacha

Alhamdulillah mzee, nimelia na mimi. Kwetu usiku umetulia, mara moja tu kwa wiki mbili. Kitindamimba, shangazi vipi? Hukutumalizia.

---

Kitindamimba

Kaka alipona. Alirudishwa kwenye dawa, ile ile kwanza, ila anameza saa nne bila kula mafuta, na muuguzi akamwambia wazi kwamba ataota. Aliota wiki nne, zikapungua. Baadaye akabadilishiwa.

Mwaka 2016, siku moja kabla ya Idi, alinichukua twende kwa shangazi. Tulimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Tukampa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso, akatusogezea mkeka. Kaka alimweleza yote, ugonjwa, dawa, mganga, na ndoto. Alipofika kwenye sahani, shangazi akaacha mchele.

"Hiyo sahani ilikuwa na maua?"

"Mekundu."

"Na mimi nimevaa nini?"

Kaka akafikiri. Akasema kanga nyeusi na nyeupe, umeifunga kichwani.

Shangazi alinyamaza muda. Halafu akasema: "Matanga ya baba yako. Ulikuwa na miaka tisa. Siku mbili hukutia kitu mdomoni, umekaa pale chini ya mnazi. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa ndiyo nilikuletea. Ukakaza meno. Nikakushika kidevu nikakulisha kwa nguvu, maana mama yako hakuwa na nguvu hata ya kukutazama."

Kaka alikuwa hakumbuki. Mpaka leo anasema hakumbuki, ila mnazi anaukumbuka.

Shangazi akainuka akaingia ndani. Tulimsikia anahamisha masufuria. Akatoka na sahani ile, bati limebanduka pembeni, maua mawili yamefutika. Akaiweka mkekani ikiwa tupu, akaenda jikoni kupakua.